Barua Mia Sita za Katibu Agapiti

Nimefanya kazi na wajinga wengi katika maisha yangu na wengi wao niliwapenda. Agapiti sikumpenda. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani mbele huko nitamwonea huruma.

Alikuwa Katibu wa Umoja wa Vikundi vya Wakulima wa Mpunga. Ofisi yetu ilikuwa Kibaoni, hapa Ifakara, chumba kimoja na nusu nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na kwenye hicho chumba kimoja tulikaa wawili: yeye kwenye meza kubwa, mimi Leticia, karani wa masjala, kwenye meza ndogo karibu na mlango. Kati yetu palikuwa na benchi la wageni. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuzigonga mhuri, kuziandika kwenye daftari, kuzitia kwenye jalada na kumpelekea. Kazi yake ilikuwa kuzisoma. Sisemi kwamba alizisoma.

Ni mzaliwa wa Lipangalala, mtoto wa katekista aliyeheshimika kweli, mzee mpole aliyekwenda kwa miguu mpaka vigango vya mbali na hakuwahi kumkaripia mtu. Mtoto hakurithi miguu wala upole. Alipelekwa seminari, akarudishwa nyumbani baada ya miaka miwili. Mwenyewe husema ni kwa sababu ya malaria. Waliosoma naye husema malaria ilikuwepo, ila haikuwa sababu. Baada ya hapo alipima magunia kwenye ghala la mtu kwa miaka tisa, kisha wakulima wakamchagua kuwa katibu kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri na tai. Shamba lake la mpunga liko ng'ambo ya mto Lumemo na anayelilima ni mkewe, Ritha. Katibu wa wakulima alilijua jembe kwa kuliona begani mwa mkewe likitoka asubuhi na kurudi jioni.

Mpaka hapo alikuwa mtu wa kawaida mwenye majivuno ya kawaida, na hao wako tele hapa mjini. Kilichomharibu kabisa ni kompyuta.

Tuliipata mwanzoni mwa mwaka 2012. Mtafiti mmoja aliyekuwa anahama aliona ni nafuu kuigawa kuliko kuisafirisha, akatupa sisi, nzee, nzito, yenye kelele. Fundi Ahmad, mtu mzima mwenye wake wawili na subira ya kuwatosha wote, akaja kuiunganisha. Akatutengenezea majina mawili, ili kila mmoja aingie upande wake kwa neno lake la siri. Ukiiwasha, kabla hujaingia popote, kioo kizima kilikuwa cha buluu na majina yetu yanatokea, la Katibu juu, langu chini, kila moja na kipicha chake. Katibu alichagua farasi. Mimi alinichagulia bata wa manjano, wale wa kuchezea watoto majini, akasema picha nyingine zilizobaki hazilingani na cheo changu.

Anwani ya barua pepe ilikuwa moja, ya ofisi, na barua zote ziliingia upande wake. Upande wangu nilikuwa na orodha ya vikundi na mihutasari ya vikao.

Wiki ya tatu, asubuhi tulipowasha, chini ya jina la Katibu palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza na namba saba. Alimpigia Ahmad simu kana kwamba nyoka ameingia ofisini. Ahmad akaja, akatazama, akacheka.

"Hizo ni barua pepe ambazo hujazisoma, Katibu. Zimeingia saba, zinakusubiri. Mashine inakukumbusha hapohapo mlangoni kabla hujaingia."

"Na mtu mwingine akikaa hapo, anaiona hiyo saba?"

"Mwenye macho anaiona."

Wakati huohuo Mwenyekiti wetu, mzee Fulgensi, akapita kusalimia. Akaambiwa maana ya ile namba, akavaa miwani, akaisogelea. "Kumbe Katibu unatafutwa hivi!" alisema, na alisema kwa dhati, maana yeye mwenyewe alikuwa hatafutwi na mtu.

Mchana ule Agapiti alizisoma zote saba, nitampa haki yake. Kesho yake Mwenyekiti akarudi na shemeji yake kutoka Mlimba, amemleta makusudi aone jinsi Katibu wa Umoja wake anavyotafutwa. Kompyuta ikawashwa. Farasi, jina, na chini ya jina hakuna kitu.

"Leo hakuna anayekutaka?" Mwenyekiti akatania.

Shemeji akacheka. Agapiti hakucheka. Wageni walipotoka alimpigia tena Ahmad, na mimi nikasikia upande wake wa mazungumzo. "Nikizisoma zinatoka? ... Na nisipozisoma? ... Zikija nyingine je, zinajumlishwa? ... Aa. Aa. Basi ahsante sana."

Tangu siku ile hakufungua hata moja.

Asiyeishi na ofisi zetu anaweza kudhani natia chumvi, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu ukubwa wa mtu hupimwa kwa benchi lililo nje ya mlango wake. Mtu anayekuhudumia mara tu unapofika, unatoka ukijiuliza kama ana kazi kweli. Yule anayekuweka tangu saa mbili mpaka saa saba, huyo ni mkubwa, na ukifika nyumbani unasimulia kwa fahari kidogo kwamba ulisubiri. Agapiti alikuwa na benchi, lakini kwa kawaida lilikuwa na mkulima mmoja tu, na mara nyingine lilikuwa na paka wa dukani. Sasa amepata benchi lingine, la ndani ya kioo, lisilojaa wala kulalamika wala kuomba maji ya kunywa, na watu wote wanaweza kuliona. Barua hizo angezifunguaje?

Alikuwa na utaratibu, na aliufuata kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwenye kazi nyingine yoyote. Saa mbili na nusu anachomeka modemu. Anazipokea barua, anatazama ule mstari wa kijani ukijaa, anahesabu mpya kwa kidole. Kisha anafunga kila kitu bila kugusa hata moja, anatoka upande wake, anarudi kwenye kile kioo cha buluu chenye majina, na kukiacha hivyo. Akilazimika kuandika kitu, anaandika huku sikio liko mlangoni. Mgeni akibisha hodi, vidole viwili vinabonyeza, kioo kinarudi kuwa cha buluu, na mgeni akiingia anakuta Katibu amekunja mikono anaitazama namba kwa uchovu, kama mtu aliyebebeshwa mzigo na taifa.

"Arobaini na tatu," anasema, kabla hata ya salamu kwisha. "Unaona mwenyewe. Arobaini na tatu, na leo ni Jumatatu tu."

Mwezi wa nne, baada ya Pasaka, alirudi kazini akakuta namba imepotea. Nilidhani ataanguka. Kumbe mashine ikikaa siku kadhaa bila kupokea barua huacha kuionyesha ile namba. Ahmad alimweleza hivyo kwa simu huku Agapiti amesimama, jasho linamtoka kwenye kola. Akachomeka modemu, akapokea, akatoka, akatazama. Mia moja na themanini. Akakaa chini, akashusha pumzi, akaniagiza nikamletee chai na vitumbua viwili. Toka hapo alikuwa anakuja hata Jumapili baada ya misa kuilisha namba yake.

Na haikukua upesi vya kutosha. Nani angeuandikia Umoja wetu barua nane kwa siku? Akamwomba Ahmad amsaidie "kupanua mawasiliano". Ahmad, kwa bei ya soda mbili, akamwandikisha kila mahali panapotuma barua bila kuulizwa: matangazo ya kazi za Dubai, bei za matrekta, dawa za kupunguza tumbo, mafunzo ya kupanda farasi. Namba ikaanza kupanda kama maji ya mto Kilombero mwezi wa tatu. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma mpaka kwenye halmashauri ya parokia, ambako aliwaambia wazee kwamba anashindwa kuhudhuria mkutano wa fensi ya kanisa kwa sababu ana barua mia tatu. Wazee wakamwombea nguvu.

Nilimwambia mara moja, mwezi wa tano. Nilisema, "Katibu, niruhusu nizipitie, nikuchapishie zile za maana, nizitie kwenye jalada kama kawaida."

Alinyoosha tai yake.

"Leticia, barua ya maana ina bahasha. Ina mhuri, ina sahihi ya wino, na inaletwa kwa mkono na mtu anayesaini daftari. Hizi ni za watu wanaonikumbuka tu. Na barua za Katibu si mchicha, kwamba kila apitaye auchambue."

Basi nikanyamaza. Tena niseme ukweli, nilinyamaza kwa raha. Nilikuwa nafika ofisini mapema kuliko zamani ili niione namba kabla yake. Nyumbani kwetu hatukumwita tena Agapiti. Tulimwita Mia Mbili, kisha Mia Tatu, kisha Mia Nne, na kila jioni dada yangu aliniuliza Mia Nne ameshindaje leo, nami namwigiza alivyokunja mikono, tunacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Sijawahi kuwa na bwana mkubwa anayefurahisha hivyo.

Sasa niingie kwa Natalia.

Natalia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ishirini na watatu wa Mbingu. Mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, sauti ya chini, mikono mikubwa. Kikundi chao kilikuwa kinataka kitu kimoja: mashine ya kukoboa mpunga. Mbingu walikuwa wanavuna mpunga mzuri kuliko sehemu nyingi za bonde hili, wanauuza ukiwa na maganda yake kwa wenye malori, kwa bei ya wenye malori, na mwezi wa pili wananunua mchele. Kulikuwa na mradi uliokuwa unagawa mashine tatu kwa bonde zima, na vikundi viliomba kupitia Umoja wetu. Sharti lilikuwa banda na msingi wa zege. Wale akina mama walifyatua matofali wenyewe, wakayachoma wenyewe, kila mmoja akatoa madebe mawili ya mpunga wakapata bati na saruji. Mwezi wa sita watu wa mradi walikuja, wakapima, wakasifu, wakasema msingi ukimwagwa na kukauka itakuwa tayari. "Majibu yatakuja kwa barua pepe kwa Katibu wenu," walisema, mimi nikiwa hapohapo nashika kamba ya kupimia. "Mkiyapata, mtujibu, basi."

Kwa hiyo kuanzia mwezi wa saba Natalia alikuja ofisini kila Jumanne. Anaondoka Mbingu alfajiri, saa tatu yuko kwenye benchi, kitenge kimekunjwa magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Katibu yupo?"

Katibu yupo. Vidole viwili vimeshabonyeza.

"Habari za kazi, Katibu. Nimekuja kuulizia ile barua yetu ya mashine."

Na Agapiti anageuza kioo kidogo, ili mama aone vizuri. "Mama Natalia, hebu tazama mwenyewe hapo. Mia tatu na tisini. Unadhani yako haimo? Inawezekana imo."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake mwenyewe alisema inawezekana imo.

"Kama imo, baba, si uifungue?"

"Barua zina foleni, mama. Mbele ya yako kuna za watu walioandika kabla. Nikiruka za wenzako nikachukua yako, huo si ni upendeleo? Wewe ungependa mtu akuruke hospitali?"

Natalia alifikiri, akatikisa kichwa. Hapana, asingependa. Maisha yake yote alikuwa amepanga mstari, zahanati, kisimani, kwenye ofisi ya kijiji, na alijua kwamba anayelalamika mstarini ndiye anayerudishwa nyuma. Kwake foleni ilikuwa haki. Hakujua kwamba foleni hii haina mtu anayehudumia mbele. "Basi nitarudi Jumanne," alisema. "Subira huvuta heri," Agapiti alijibu, kwa sauti ya padri.

Jumanne iliyofuata alirudi. Mia nne na kumi. Akauliza tumefika wapi kwenye foleni. Katibu akamwambia tunasogea. Mimi nilimletea Natalia chai ya rangi kwenye kikombe changu mwenyewe, na nilipompa tulitazamana, na nilitaka kucheka kwa lile neno "tunasogea", nikalibana mpaka jioni nikalipeleka nyumbani. Alikuja Agosti yote. Alikuja Septemba. Siku moja alileta mchele kilo mbili kwenye mfuko wa rambo, umetwangwa kwa kinu, mweupe, wenye harufu, akampa Katibu, siyo rushwa, alisema, ni kumtia nguvu kwa kazi nyingi. Agapiti aliupokea bila kusimama.

Mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, lori la mradi lilitokea njia ya Ifakara likaingia Mbingu na mashine mgongoni, imefunikwa turubai, gurudumu lake kubwa limechomoza. Hii nimesimuliwa na wengi na wote wanaisimulia sawa. Mtu mmoja alipiga kelele, akina mama wakatoka mashambani na majikoni, wakaanza vigelegele. Natalia akakimbia mbele kwenda kufungua mlango wa banda. Wengine walilikimbilia lori huku wanaimba, mmoja ametandika kanga barabarani lipite juu yake. Lori likapita juu ya kanga. Likapita banda. Likaendelea. Walilikimbiza kwa muda wakidhani dereva amepotea njia, mpaka aliposimama mwisho wa kijiji kutia maji kwenye rejeta, akawashangaa. Akasema mashine inakwenda kijiji cha mbele huko, na karatasi yake inasema hivyo. Natalia alisoma karatasi. Alimwomba dereva namba ya ofisa wa mradi, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu ya dereva.

Ijumaa saa tatu walikuwa ofisini kwetu, Natalia na wenzake wawili, na ile namba bado ipo mkononi.

Agapiti alibonyeza. Mia sita na kumi na mbili.

"Mama, leo si Jumanne," alisema.

Natalia hakukaa. Aliomba simu ya mezani, akapiga, akaweka sauti ili wote tusikie. Upande wa pili alikuwa ofisa wa mradi anayeitwa Kudra, mwanamke wa sauti ya haraka, na alikuwa amekasirika kabla hata hajaulizwa.

"Mbingu? Nyie ndio tuliwaandikia tarehe tisa mwezi wa nane, mkanyamaza. Tukawaandikia tena, mkanyamaza. Tukawaandikia mara ya tatu. Tulitaka neno moja tu, kwamba msingi umekauka. Tulijua mmeghairi."

"Hatukughairi," Natalia alisema.

"Sasa si mngejibu?"

Simu ikakatika. Agapiti akajikohoza, akaanza kueleza habari za mhuri na bahasha, kwamba jambo zito kama mashine haliwezi kuja hivihivi hewani, kwamba angekuwa yeye ni mradi angetuma mtu. Mmoja wa wale akina mama akamwambia, "Fungua." Hakusema Katibu wala baba. Alisema fungua.

Aliitwa Ahmad, maana mwenyewe alikuwa amesahau namna. Ahmad akakaa, tukasimama nyuma yake wote, akaanza kushuka na ile orodha ndefu nyeusi ya vichwa vya barua, na kwa kuwa akina mama waliuliza kila moja ni nini, ilibidi awatafsirie. Punguza tumbo kwa siku kumi. Punguza tumbo bila mazoezi. Trekta lililotumika, bei ya maelewano. Kazi Dubai. Jifunze kumpanda farasi wako wa kwanza. Punguza tumbo. Aliendelea hivyo kwa sauti inayozidi kushuka, mpaka kwa aibu akaacha kutafsiri akawa anasema tu, "Si hii. Si hii. Si hii." Natalia alisikiliza zote. Wakati mmoja aliuliza, kwa adabu kabisa, kama hawa ndio wale waliokuwa mbele yake kwenye foleni.

Ile ya tarehe tisa mwezi wa nane waliipata, Ahmad akaifungua. Ilikuwa ya Kiswahili, mistari minne. Tujulisheni kama msingi umekamilika. Tukipata jibu kabla ya mwisho wa mwezi, mashine itafungwa Mbingu mwezi wa kumi. Tusipopata, itakwenda kwa kikundi kinachofuata.

"Msingi ulikauka mwezi wa saba," Natalia alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote.

Ahmad akatoka kwenye zile barua, kioo kikarudi cha buluu. Mia sita na kumi na moja. Na hapo, mbele ya wanawake watatu waliochoma matofali kwa mikono yao, Agapiti aliinama sikioni kwa Ahmad, akidhani ananong'ona.

"Hiyo uliyoifungua, haiwezi kurudishwa ionekane haijasomwa?"

Fundi ndivyo alivyo: ukimwuliza kama kitu kinawezekana, anajibu hicho tu. Ahmad alisema inawezekana. Akaingia, akabonyeza, akatoka. Mia sita na kumi na mbili. Uso wa Agapiti ukalainika, nilimwona, na kama ningekuwa na jiwe mkononi sijui ningelifanyia nini.

Akina mama walitoka. Nikawafuata mpaka nje ya duka la vipuri, nikamshika Natalia mkono. Nilitaka ajue kwamba ofisini mle si wote tuko vile.

"Mama, nisamehe, lakini yule mtu ni bure kabisa," nilisema. "Hana foleni yoyote. Hajawahi kufungua hata moja, tangu mwaka uanze. Anaziacha makusudi ili namba iwe kubwa, watu wamwone. Mimi namjua. Nyumbani tunamcheka kila siku."

Natalia alisimama.

"Ulijua tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mwanzo, mama. Mwezi wa pili."

"Nilipokuwa nakuja Jumanne, ulikuwa unajua kwamba hafungui?"

Nilianza kusema kwamba mimi ni karani tu, kwamba neno la siri ni lake, kwamba nilimshauri mwezi wa tano akanifokea. Yote ni kweli. Natalia alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozisikiliza zile za matumbo. Kisha aliutoa mkono wake mkononi mwangu, siyo kwa nguvu, akawafuata wenzake.

Kwenye mkutano mkuu Agapiti alisema tatizo lilikuwa mtandao. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, maana mtandao kila mtu ameshaumizwa nao. Mwenyekiti Fulgensi akasema Katibu amezidiwa na kazi, akapendekeza karani awe anamsomea barua pepe. Wakapiga makofi. Kwa hiyo tangu mwaka ule mimi ndiye ninayezifungua, zote, kila asubuhi, na chini ya jina lake hakuna namba. Alinuna mwezi mzima, kisha akaomba anunuliwe simu ya kugusa. Bado ni katibu mpaka leo.

Mbingu waliendelea kuuza mpunga wenye maganda misimu minne zaidi. Natalia hakuja tena. Wanamtuma Anselim, baba mmoja mtaratibu mwenye baiskeli, kuleta na kuulizia mambo yao. Anaingia, ananisalimia vizuri, ananipita, anakwenda kusimama mbele ya meza kubwa, na karatasi za Mbingu anazikabidhi mkononi mwa Agapiti, ambaye anazisukuma kwangu bila kuzitazama. Siku moja nilichoka. Nikamwuliza Anselim kwa nini ananizunguka wakati anajua fika kwamba mimi ndiye ninayesoma kila kitu humu ndani, na yule hasomi hata jina lake.

Aliona haya kidogo. Alizungusha kofia mikononi.

"Mama Natalia ndiye alisema tumpe Katibu," alijibu. "Alisema yeye akituumiza, anatuumiza kwa ujinga."